Hayakuwa Magogo

Pale stendi ya Nyegezi, jijini Mwanza, nyuma ya vibanda vya tiketi, Nathaniel Machibya alikuwa na chumba kidogo cha plaiwudi, mashine ya kutolea kopi, kompyuta iliyowaka siku inapojisikia, na kalamu. Kalamu ndiyo iliyomlisha. Walimjia watu wenye shida ya kuandikiwa: mjane anayetaka kumlilia diwani, mtu anayeomba kazi ya ulinzi, mzee anayetaka wosia usiowagombanisha watoto. Walimweleza jambo kwa maneno kumi, naye akaliandika kwa hamsini, na waliposomewa walitikisa vichwa, maana hawakujua kwamba shida yao ilikuwa nzuri kiasi kile. Mama mmoja alilizwa na barua yake mwenyewe. Nathaniel hakuona kosa hapo. Maneno ya mtu, alikuwa akisema, hayaendi kwa mkubwa yakiwa na matope miguuni. Lazima yaoshwe kwanza.

Tabia hiyo ya kuosha maneno ndiyo iliyoleta msiba huu, kwa hiyo msomaji aishike.

Zamani, kabla kalamu haijawa kibarua chake, alisoma miaka miwili katika chuo cha Biblia ambacho siku hizi hakipo tena. Alikuwa mwanafunzi mzuri hadi darasa lilipofika kitabu cha mwisho, kile chenye mnyama wa pembe nyingi na baragumu. Hapo akaanza maswali. Huyu mzee mwenye maono hayo, aliyefungwa kisiwani, mwenye njaa, ambaye mji wa baba zake ulikwisha kuchomwa moto, alichokiona kilikuwa cha kesho au cha jana? Na mbona pembe zile na wanyama wale walikwisha kutajwa na manabii waliomtangulia, kama mtu aliyeazima nguo kwa jirani ili aende harusini? Mwishowe akauliza swali lililomponza: mzee alipokuwa akiona, nani alishika kalamu? Mkuu wa chuo alimwambia akasali. Akasali wiki mbili, akarudi na swali lile lile. Ufadhili wa kanisa ukakatwa, na kijana aliyetarajiwa kuwa mchungaji akawa mtoa kopi stendi. Alikaa na swali lake miaka ishirini na zaidi, na hapakuwa na hata mtu mmoja aliyemsikiliza dakika tano mfululizo. Hilo nalo lishikwe, maana mtu asiyesikilizwa ni mtu wa hatari.

Justa alikuwa mdogo wake wa pekee, wamepishana miaka minane. Alikuwa na kifafa. Kilimwanza akiwa na miaka kumi, baada ya malaria iliyompanda kichwani, na mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu pana la siku alipoangukia mafiga. Mume alimpata, mume akamkimbia. Alipanga chumba Buswelu, akifuga kuku na kushona foronya, na kwa miaka kumi na tisa alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni. Nathaniel ndiye aliyemfuatia vidonge kliniki kila mwezi. Akivimeza, Justa alikuwa mtu kama watu wengine. Akivikosa siku tatu nne, alianguka.

Kisha Justa akapata kanisa. Lilikuwa banda la mabati huko huko Buswelu, kati ya nyumba ambazo hazijaezekwa, na mwenye kanisa alikuwa Mchungaji Yeremia, zamani fundi wa injini za boti. Yeremia hakuwa tapeli, na laiti angekuwa tapeli mambo yangekuwa mepesi. Watoto wake wawili walizama na mtumbwi siku moja. Alikaa mwaka mzima bila kusema, na alipoanza kusema tena, alisema habari za mwisho wa dunia. Alichohubiri alikiamini hadi kwenye mifupa. Mwezi mmoja kliniki iliishiwa vidonge kwa wiki nzima, na Jumapili yake Justa akaanguka katikati ya ibada. Mahali pengine watu wangekimbia, maana wengi bado wanaamini povu la kifafa linaambukiza. Yeremia alipiga magoti, akamshika kichwa hadi kifafa kikamwachia, na Justa alipofumbua macho akamwuliza kwa upole alikuwa ameonyeshwa nini.

Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Watu walimwuliza kama ameumia, kama amejikojolea, kama amemeza dawa. Justa akasema alichokiona, kwa Kisukuma, polepole. Yeremia akataka kujua ni nani anayeweza kukiandika kwa Kiswahili kizuri, na Justa akamtaja kaka yake kwa fahari.

Nathaniel alikwenda Buswelu ana hasira, nia yake kumtoa mdogo wake mle ndani. Alitoka na kaunta buku kwapani.

Ilikuwa hivi. Justa aliketi mbele yake kwenye kigoda akamwambia, "Kaka, nimeona maji yamejaa watu. Wamelala kifudifudi. Hawana sura. Wanapita, wanapita, siku nyingi."

Basi. Hayo ndiyo maono yote. Nathaniel aliyajua maji yale. Halafu mkono ukaanza kazi uliyoizoea. Akaandika kwamba ziwa lilifungua kinywa likawatapika waliolala ndani yake, nao hawakuwa na nyuso, kwa maana majina yao yalikuwa yamefutwa. Na mnyama alisimama juu ya miamba akiwatazama. Justa hakutaja mnyama yeyote. Na pale aliposema siku nyingi, yeye akaandika siku saba, kwa sababu katika mambo kama hayo saba ndiyo inayosikika vizuri.

Jumapili iliyofuata aliyasoma. Watu mia tatu walinyamaza hadi mabati yakasikika yakilia kwa jua, na alipomaliza wakasema amina kwa sauti moja. Nathaniel alikuwa hajawahi kupata kitu kama kile. Aliyefukuzwa kwa kuuliza nani alishika kalamu, sasa kalamu ameishika mwenyewe, na ni tamu. Alijiambia kwamba anafanya uchunguzi, anataka kuona kwa macho yake jinsi maandiko yanavyozaliwa. Uongo mtupu. Alipenda ile amina. Akaandika mwezi huo na ujao, na kila Justa alipokuja na jambo dogo la maji na watu wasio na sura, yeye alilivika pembe, farasi na vitasa vya ghadhabu, na kila Jumapili amina ilizidi kunenepa.

Maji yale aliyajua kwa kuwa aliwahi kusimama ndani yake. Mwaka 1994 baba yao, Mzee Machibya, alikuwa akivua katika kambi moja kaskazini-magharibi mwa ziwa, karibu na pale mto Kagera unapomwaga maji. Nathaniel alikuwa na miaka kumi na tano, Justa saba. Mwezi wa tano maiti zikaanza kushuka na mto kutoka Rwanda. Asubuhi ya kwanza zilikuwa mbili, kesho yake kumi, kisha hakuna aliyehesabu. Zilinasa kwenye nyavu, zilinasa kwenye mafunjo, na nyingine zilikuwa zimefungwa mikono kwa nyuma. Mzee Machibya aliwaita watoto wake akawaambia kwamba wameona magogo. Mvua imebomoa msitu huko juu na magogo yanashuka. Yeyote atakayewauliza wamwambie ni magogo, maana ikijulikana, hakuna atakayekula tena samaki wa ziwa hili, na wao watakula nini? Justa akauliza mbona magogo yamevaa nguo. Baba akampiga kofi, la kwanza na la mwisho katika maisha yao, na mtoto akakubali kwamba ni magogo.

Siri ile haikumsaidia mtu. Habari zilienea pande zote za ziwa, na samaki wakaoza sokoni. Lakini nyumbani kwa Machibya neno lilibaki magogo. Mzee alizikwa nalo, mama akazikwa nalo, na Nathaniel, msomi wa familia, bingwa wa maswali, hakumwambia mdogo wake vinginevyo hata siku moja. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Huyu alificha, na kilichozaliwa kilikuwa kibaya kuliko utasa. Justa alikua akiamini kwamba aliyoyaona mtoni ni magogo, na kwamba wale watu wanaomjia akianguka ni kitu kingine, kitu cha Mungu. Hakuwa na mahali pengine pa kuwaweka.

Mwezi wa nane Yeremia alitangaza kwamba wakati umetimia. Kanisa zima lingevuka ziwa kwenda upande wa Kamanga, likae ufukweni chini ya miamba, lifunge siku saba. Chakula hapana, maji mara moja tu jua likizama, na dawa hapana, kwa kuwa dawa hufumba jicho la ndani. Siku ya saba ziwa lingefunguka. Nathaniel aliisikia namba yake mwenyewe ikitoka kwenye kipaza sauti. Ibada ilipokwisha alimvuta Justa pembeni, akamwuliza habari za vidonge.

"Ninameza, Kaka," Justa akasema, akiangalia chini.

Hakumwuliza tena. Mtu anayetaka kudanganywa haulizi mara mbili. Wenzake walipovuka, yeye alibaki stendi akisema ana kazi nyingi. Kazi zenyewe zilikuwa barua mbili na cheti cha kuzaliwa cha kutolea kopi.

Siku ya nne ya mfungo alipita Buswelu kuwapa kuku wa Justa maji. Akitafuta ufunguo wa banda chini ya godoro, mkono wake uligusa mfuko wa kliniki. Ni yeye aliyeuleta wiki tatu zilizopita, na ulikuwa umefungwa vile vile alivyoufunga muuguzi. Nathaniel akaketi juu ya kitanda kile. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo watu wanavyosema, lakini sikio la Justa lilizibwa, na aliyeliziba alikuwa ameketi pale pale kitandani na mfuko mkononi. Alimpigia simu, haikupatikana. Akampigia Yeremia, haikupatikana.

Kesho yake alfajiri alipanda kivuko cha kwanza, vidonge vikiwa mfuko wa shati na kaunta buku kwenye begi. Njiani aliyapanga maneno yake. Aliona njia moja tu ya kumtoa Justa, nayo ni kuyavunja maono yenyewe. Ikiwa hakuonyeshwa kitu, hana sababu ya kufunga. Ilikuwa hesabu safi, ya mtu aliyesoma.

Aliwakuta mwendo wa nusu saa kwa bodaboda kutoka gati la Kamanga, mahali ambapo miamba inashuka hadi majini. Mia tatu walikuwa wameketi au wamelala juu ya mawe, midomo imepasuka, kimya. Yeremia alikuwa amekonda kuliko wote, maana alikataa hata yale maji ya jioni. Justa aliegemea jiwe mbele ya watu, shuka jeupe mabegani, na shavuni alikuwa na mchubuko mbichi. Nathaniel akajua kwamba ameanguka tayari. Binti mmoja, Queen, karani wa kanisa, akamwamkia shikamoo na kumweleza kwa furaha kwamba dada ameonyeshwa mara nne tangu jana.

Mbali katikati ya ziwa, wale wadudu wadogo wa majini walikuwa wameinuka kama wanavyoinuka kila mwezi, nguzo nyeusi iliyosimama kutoka majini hadi mawinguni. Watu hao walizaliwa kando ya ziwa. Wamewafagia wadudu hao chini ya taa zao tangu utoto. Lakini siku hiyo waliiona nguzo ile wakaanguka kifudifudi, wakilia kwamba moshi wa kuzimu umepanda. Nathaniel aliikumbuka sentensi. Ilikuwa yake, ya mwezi wa sita, na aliiandika baada ya kuwaona wadudu hao hao akiwa Kamanga kwenye msiba.

Walifurahi kumwona mwandishi. Walidhani amekuja kusoma, wakampisha hadi kwenye jiwe la kuhubiria. Akafungua kaunta buku, akaitazama, akaifunga.

Akawaambia yote. Aliwaeleza kambi, mto, mwezi wa tano, baba yao na kofi lake. Aliwaambia kwamba mnyama wa miambani alimtunga yeye, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na kwamba siku saba ni namba yake. Justa hakutaja namba. Aliwaambia mdogo wake ana kifafa na hajameza dawa wiki tatu, na kwamba wale anaowaona akianguka ni wale wale aliowaona akiwa na miaka saba. Alisema bila kupamba neno lolote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

Wa kwanza kusema alikuwa Justa.

"Kwa hiyo hayakuwa magogo?"

"Hayakuwa magogo, Justa. Walikuwa watu."

"Nilijua," akasema. "Kulikuwa na mama mmoja ana mtoto mgongoni. Nilimwambia baba, gogo halibebi mtoto."

Akalia, na kilio chenyewe hakikuwa cha mwanamke wa miaka thelathini na saba. Nathaniel alishuka jiweni akapiga magoti mbele yake. Justa akanyoosha mkono ule wenye kovu, akaomba vidonge vyake, akasema anataka kwenda nyumbani. Nathaniel aliona raha, na kwa dakika moja hivi aliamini kwamba ameshinda.

Ndipo Yeremia aliposimama. Alishika jiwe ili asianguke.

"Mwandishi amesema kweli," akasema. Sauti ilikuwa imekauka, lakini kila mtu alimsikia. "Ziwa lilitoa wafu wake, katika siku zetu hizi, na mtoto wa miaka saba akaonyeshwa. Wewe uliona nyama, Mwandishi. Yeye alipewa maana. Na mkono ulioandika saba, unadhani ulikuwa wako?"

Mia tatu wakasema amina. Ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata kwa kusoma.

Nathaniel alibaki amepiga magoti, vidonge mkononi. Miaka yote aliuliza nani alishika kalamu, akidhani kwamba siku jibu litakapopatikana kitabu kitanyamaza. Sasa jibu limesimama mbele yao juani, lina jina na namba ya simu, na halikubadili kitu. Labda hata kule kisiwani palikuwa na mtu kama yeye, mfungwa mwenzake au ndugu, aliyewaambia watu kwamba mzee huyu ana homa, na hayo anayoyasema ni ya siku mji wetu ulipochomwa. Labda walimwitikia amina, wakaendelea kunakili. Aliona jambo hilo kwa uwazi uliomwumiza, na halikuwa na faida yoyote kwake wakati ule.

Alimpa Justa vidonge viwili na maji ya chupa, akambeba. Queen alimwomba kaunta buku, kwa adabu, akisema ni mali ya kanisa. Nathaniel alimwachia, kwa kuwa alihitaji mikono yote miwili.

Gatini Kamanga walikuta kivuko kimeondoka, wakasubiri chini ya kibanda cha muuza chai. Justa alikuwa mtulivu. Alikunywa chai kidogo, akatazama maji, kisha akamwuliza kaka yake kama yule mama mwenye mtoto mgongoni aliwahi kumwandika. Nathaniel akasema hapana, hakuwahi.

"Mwandike," Justa akasema. "Alikuwa na kitenge cha njano. Usimwongezee kitu."

Nathaniel akaahidi. Muda mfupi baadaye mkono wa Justa ulianza kurukaruka, kikombe kikaanguka, na kifafa kikamchukua. Kilipomwachia hakurudiwa na fahamu, kikaja kingine. Dawa ya siku moja haiwezi kulipia wiki tatu, na mwili uliokaa siku tano bila chakula hauna akiba. Kivuko kilipofika, abiria walimsaidia kumpakia, na katikati ya maji vifafa vilikuja vikifuatana, bila nafasi hata ya kupumua. Mama mmoja alimshikia miguu njia nzima. Walipofika upande wa Mwanza, Nathaniel alikuwa bado akimwita jina, na yule mama akamgusa bega akamwambia aache.

Walimzika Buswelu. Siku ya saba ziwa halikufunguka. Watu walirudi majumbani wakiwa wanashikana mikono kama wagonjwa, na ungetegemea mambo yaishie hapo. Hayakuisha. Ilisemekana kwamba ziwa lilikuwa limekwisha kuanza kufunguka, likafungwa tena kwa sababu mwonaji ameondolewa kabla ya wakati. Yeremia hakuja msibani. Alituma mchele na ujumbe kwamba anamwombea Mwandishi.

Nathaniel alifungua chumba chake cha stendi baada ya wiki mbili. Kila asubuhi alitoa karatasi moja nyeupe akaiweka mbele yake kwa ajili ya yule mama wa kitenge cha njano, na kila jioni aliirudisha. Akiandika "alikuwa na kitenge cha njano," mkono ulitaka kuongeza kwamba njano ile iliwaka mithili ya jua. Akafuta. Akiandika kwamba alimbeba mtoto, mkono ulitaka mtoto awe amefumba macho kama aliyelala. Akafuta. Alikuwa amewaosha watu maneno kwa muda mrefu hivi kwamba hakuweza tena kuandika sentensi yenye matope.

Siku ya arobaini ilipokwisha kupita, mama mmoja mzee alisimama mlangoni na begi la safari. Nathaniel alimwamkia, naye akaitikia marahaba, mwanangu. Alikuwa akisubiri basi la Shinyanga na alitaka kopi thelathini za kijitabu, awapelekee watu wa kwao. Nathaniel alikichukua. Jalada lilikuwa na picha ya ziwa na maneno *Maono ya Mtumishi Justa*. Aliinua kifuniko cha mashine akaanza ukurasa wa kwanza, na sentensi zake zikawa zinapita moja moja chini ya mwanga: kinywa cha ziwa, nyuso zisizokuwapo, mnyama wa miambani.

Ukurasa wa mwisho hakuuandika yeye. Ulisema hivi: "Na siku ya tano mwandishi akainuka, moyo wake umeingiwa na giza, akawaambia watu, Hayo mliyoyasikia si kitu, ni magogo yaliyoelea juu ya maji. Naye mtumishi akaugua kwa huzuni, akatwaliwa."

Aliusoma mara tatu. Ulikuwa umeandikwa vizuri. Aliyeuandika alijifunza kwake.

"Unasoma au unatoa kopi, mwanangu?" yule mama akauliza, akitazama saa. "Basi langu linaondoka."

Nathaniel alizima mashine. Akamwambia kwamba yeye ndiye mwandishi huyo, na Justa ni mdogo wake. Akamwambia kwamba hakusema magogo. Kisha, akiwa amesimama pale na kijitabu mkononi, alimsimulia habari za mwanamke aliyeshuka na mto Kagera mwezi wa tano mwaka 1994, kifudifudi, amevaa kitenge cha njano, mtoto mgongoni. Alitumia maneno machache na hakuongeza kitu. Ilikuwa mara ya kwanza.

Yule mama alimsikiliza hadi mwisho. Machozi yalimlengalenga, akashika mkono wa Nathaniel kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, baba," akasema. "Lakini hapa imeandikwa magogo."

Akachukua kijitabu chake taratibu, akanyanyua begi, akaenda chumba cha pili, kwa mtoa kopi mwingine. Nathaniel aliketi. Kupitia ukuta wa plaiwudi alimsikia akimsalimu jirani na kumwagiza kopi thelathini, na baada ya muda kidogo mashine ya jirani ikaanza kuvuta karatasi.